Kadi ya Mashimo Kumi na Nane

Chini ya kiti tulikuta kadi ya gofu
na kijipenseli kifupi kama kidole gumba.
Klabu ya Laurel Bend ilikuwa imefilisika,
vigari vyake vikauzwa kwa bei ya kutupa,
na Hobart akachagua namba kumi na saba
kwa sababu taa yake moja ilikuwa bado inawaka.

Mapafu yake yalibaki mgodini,
magoti nayo yakafuata.
Mizinga yake minane iko juu kileleni,
maili moja na robo ya mawe, mizizi na kijito.
Pikipiki ya magurudumu manne ni dola elfu saba,
tena inanguruma,
na nyuki wa Kentucky hawana subira na wenye kelele.

Nikaichukua kadi. Mashimo kumi na nane, visanduku kumi na nane.
Cha kwanza: kigari, mia tatu na hamsini.

Cha pili: betri. Zilikuwa sita. Mbili zimekufa,
ya tatu inajifanya nzima.
Akazipima moja moja usiku kucha kama muuguzi wa zamu.
Lonzo Blevins akatuuzia tatu kwa tisini,
alizozitoa kwenye mashine ya kusugua sakafu za shule.
Asidi ilikula suruali. Sikuiandika,
suruali yenyewe ilikuwa kuukuu.

Seti ya kukiinulia kigari, dukani, mia nne.
Hobart akatazama kitanda cha chuma cha mama yake,
akanitazama mimi,
akawasha msumeno.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
yeye alilala chali siku tatu,
na mvungu wenyewe ulishikiliwa na kitanda.
Inchi nne juu. Vijiti vya kulehemu, kumi na nane.
Bolti, ishirini na mbili.

Kisha tairi. Hapo tamaa ilituponza.
Alitaka kubwa, zenye meno, kama za trekta,
mia na sitini, na zikamkaa vizuri sana
kigari kikiwa kimesimama uani.
Lakini gurudumu kubwa humkaba mota shingo:
katikati ya mlima kikatetemeka,
kikanuka kama mkate ulioungua,
kikanyamaza.
Alishuka kwa miguu, saa nzima,
akaketi kwenye ngazi bila kuvua kofia,
nikasikia kifua chake kikikwaruza kutoka jikoni.
Sikusema neno. Niliandika: swichi kuu, arobaini na tano.
Hata kwenye gofu, mpira uliozama majini
unahesabiwa.

Wiki mbili kikakaa chini ya turubai.
Kisha akaamka siku moja, akachonga penseli yangu kwa kisu,
akasema, "Ndogo kidogo."
Tairi za wastani, mia na ishirini.
Nyaya nene kutoka mashine ya kulehemu ya Lonzo:
chupa mbili za asali, na asali haina kisanduku.

Tulipanda Jumamosi, ukungu ungali kwenye mialoni.
Sikujua mlima una sauti nyingi namna ile.
Mawe yalikuwa yakisema chini yetu,
kijito kikagusa sakafu ya kigari kikarudi,
kigogota akagonga, akaacha, akagonga tena.
Pale paliponing'inia vyuma vya gofu
palining'inia bomba la moshi na ufunguo wa mizinga.
Nyuki hawakugeuka.
Hobart akakaa pale pale kitini, mlango wa mzinga wa kwanza
umbali wa mkono wake,
akawahesabu wanaoingia na wanaotoka
hadi akasahau kukohoa.

Nikajumlisha juu ya goti: mia nane na tano.
Mchezo wao una sheria moja ninayoipenda,
mwenye namba ndogo ndiye mshindi.

Tulipokuwa tukishuka, breki zililia bonde zima;
mke wa Lonzo akatoka nje na mwiko mkononi.
Nikafungua kadi.
Kisanduku kinachofuata: breki.